Mvua Uliyomtumia Mama

Kiamunyi,
Nakuru.
Jumapili, 22 Februari 2026

Mpendwa ndugu yangu Odero,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Natalie na Bravin wetu, na kwamba baridi ya Calgary haijawamaliza bado. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Baba Joyline yuko salama, kile kikohozi kimemwacha. Joyline amerudi chuoni. Mimi pia ni mzima, isipokuwa kichwa, nacho kinaniuma kwa sababu ya Mama, na kidogo kwa sababu yako.

Nakuandikia kwa kalamu makusudi. Kwa simu, nikianza tu kukueleza habari ya Mama na usingizi wake, ushaanza kunipa ushauri kabla sijafika katikati. Barua haikatizwi. Rafiki wa Natalie anayerudi huko Jumatano amekubali kuibeba, kwa hivyo kaa chini, nyamaza, usome.

Kwanza asante kwa boksi. Tulipata vyote: mto wa shingo, kitambaa cha kufunika macho, vizibo vya masikio, na kile kimashine cheupe cha kumletea mtu usingizi kwa sauti ya mvua.

Sasa Odero, hebu niambie ulikuwa unafikiria nini. Mama amefukuzwa kwake Kihoto na Ziwa Naivasha. Unajua mwenyewe, Novemba maji yaliingia mpaka chumbani, akatoka na mfuko mmoja na kuku wawili. Halafu mtoto wake wa kiume anakaa Kanada anamtumia mvua!

Alikiwasha siku hiyo hiyo kilipofika, kwa sababu wewe ndiye umetuma na wewe hukosei. Asubuhi nilipoingia sebuleni nilikuta viatu vya nyumba nzima juu ya meza. Unga ulikuwa juu ya friji, mazulia juu ya makochi, na Mama ameketi kitini na gambuti miguuni, mfuko mapajani. Alinisalimia vizuri tu. Akasema amelala, asante Mungu.

Hiyo "nimelala, asante Mungu" ndiyo inayonimaliza. Ameisema kila siku tangu Novemba, na macho mekundu kama pilipili.

Sisi tulimtayarishia chumba cha nyuma, mbali na barabara. Tulimnunulia kitanda kipya, vile virefu vya siku hizi ambavyo ukikaa pembeni miguu inaning'inia, na godoro nene. Nilijivunia kile kitanda, sikufichi. Na kila asubuhi nilimkuta Mama chini, kwenye vigae baridi, amejikunja juu ya blanketi. Nikimuuliza anasema aliteremka kusali. Hakuna mtu husali hivyo, Odero, mpaka shavu lipate alama za vigae.

Ushauri wako nao tuliufuata wote. Asinywe chai baada ya saa kumi. Mama alininunia siku mbili, kisha akamuuliza Baba Joyline kwa upole kama majani ya chai yameadimika Nakuru. Chumba kiwe giza. Nikaweka mapazia mazito, akagonga goti ukingoni mwa kitanda. Asiangalie simu kitandani. Simu ya Mama ni kabambe, ya kupiga na kumulika. Angeangalia nini humo, tochi?

Ungecheka, lakini mwezi jana tulimpeleka kliniki na presha ilikuwa juu sana. Daktari alisema dawa peke yake haitafanya kazi kama mgonjwa halali. Na Mama mwenyewe akaamua. Alisema mwezi huu ukiisha anarudi Kihoto, kwa sababu "huko kwangu nalala." Nyumba yenyewe maji yametoka ndani lakini uani bado yamesimama, na mvua ya Machi hiyo inakuja. Nilimsihi, Baba Joyline akamsihi, mchungaji naye akajaribu. Wapi! Nililia jikoni siku hiyo kwa hasira, maana niliona wazi kwamba tutampoteza, ikiwa si kwa presha basi kwa maji.

Ule mfuko wake hakuwa ameufungua vizuri tangu aje. Ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, umefungwa kamba. Akitaka gauni analichomoa, likishafuliwa linarudi humo. Kabati lilikaa tupu. Na kitu chochote akikikuta sakafuni, anakiinua. Karai, ndala zangu, mkoba wa Joyline, vyote nilivitafuta juu ya viti na madirisha.

Basi wiki mbili zilizopita kukawa na mkutano wa akina mama wa kanisa, kule Kabazi. Kina mama wa Naivasha nao wangekuja, na Mama alitaka kuonana na Linah, jirani yake wa Kihoto. Wageni wangelala katika madarasa ya shule, kila mtu na godoro lake la kukunja. Mimi nilikataa katakata. Mtu ambaye halali kwenye kitanda kipya atalala vipi kwenye simiti, katikati ya wanawake arobaini? Mama akasema ataenda hata kwa miguu. Baba Joyline akatupeleka, nami nikabeba vifaa vyako vyote vya safari.

Nikupe ripoti. Mto wa shingo Mama aliukalia mkutanoni, kwa sababu benchi lilikuwa gumu, na wenzake wakauomba kwa zamu. Kitambaa cha macho alikifanya mfuko wa miwani. Kizibo kimoja cha sikio kiliziba chupa ya mafuta ya Linah iliyopoteza kifuniko.

Na Mama akalala fofofo. Darasa zima walikohoa, wakakoroma, mmoja akahubiri usingizini, na Mama hakutikisika. Alikosa hata maombi ya alfajiri, ambayo ni yeye aliyepangiwa kuongoza. Mimi binti yake, mwenye vizibo na ushauri wa Kanada, sikupata hata lepe la usingizi.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana walijilaza tena kupumzika. Nilisimama mlangoni na kikombe cha chai, nikimtazama Mama akilala, na nakuambia kweli nilikuwa na hasira naye. Ndipo nikauona mkono wake. Ulikuwa umetoka nje ya godoro, kiganja kimewekwa wazi juu ya simiti. Nikamtazama Linah pembeni yake, naye vilevile. Na mama mwingine wa Kihoto, chini ya ubao, naye vilevile. Wale wengine wote walikuwa wameficha mikono ndani ya mablanketi, maana Kabazi ni baridi.

Linah alikuwa macho bado. Nikamuuliza mbona wanalala hivyo, akanicheka.

"Euca, wewe si mtu wa Kihoto tena. Hii mkono ndio askari. Maji ikiingia kwa nyumba haipigi hodi. Ikigusa mkono unaamka, unabeba watoto, unatoka. Sasa kama mkono haifiki chini, utalala aje?"

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi na wewe tuliondoka Kihoto kabla ziwa halijapanda, tungejuaje? Nilikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakinifika kidevuni, nikalia. Nilimwonea Mama huruma, na papo hapo nilitaka kumwamsha nimgombeze. Godoro, mapazia, chai, daktari, na jambo lenyewe lilikuwa la sentensi moja!

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza ndani ya gari mbona hakusema. Aligeuka akatazama nje ya dirisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nyumba ni ya mkwe. Mimi hata kulala kwake ni aibu, sijawahi kuona mama mkwe akikaa kwa mkwe miezi hivi. Sasa tena niseme kitanda alininunulia ni mrefu?"

Baba Joyline aliongeza sauti ya redio, akajifanya anasikiliza bei ya viazi. Lakini Jumatatu asubuhi ni yeye aliyemleta fundi Waithaka na msumeno.

Waithaka alikizunguka kitanda mara mbili. "Mathe," akaniambia, "hii kitanda bado iko na plastiki kwa miguu. Si muuze tu, mnunue ingine fupi?" Nikamwambia akate kabla sijabadilisha nia, na asiniite mathe, ana mvi nyingi kuliko mimi. Mama hakuwepo, na hata angekuwepo asingelala kitandani mbele ya mkwe na fundi. Kwa hivyo nililala mimi, kwa kuwa mikono yetu ni sawa, nikauacha mkono uning'inie. Baba Joyline akapiga magoti na futi, akipima vidole vilivyobakiza kufika sakafuni, akisema, "Bado. Kata tena." Nilikuwa natazama dari, mahogani yangu ikigeuka vumbi, na sikujua nicheke au nipige mayowe. Sasa kitanda kimekaa kama kuku anayeatamia mayai.

Mama aliporudi alishika kiuno. "Mmeharibu kitanda mzuri hivi? Nyinyi watu mna wazimu?" Hakuna asante, hakuna nini. Akaingia, akafunga mlango.

Siku iliyofuata jua lilichomoza, chai ikapoa, na Mama hajatoka. Tangu hapo ni hivyo. Ijumaa tulipima presha, imeanza kushuka. Ya kurudi Kihoto hakuyataja, nami sikuthubutu kuuliza, niliendelea tu kuhesabu kwamba mwezi unaisha.

Leo asubuhi nilikwenda kumwita twende kanisani. Nilipousukuma mlango nikajikwaa, nikaumia kidole, nikafungua kinywa kugomba ni nani anaacha vitu njiani katika nyumba hii. Ulikuwa ni ule mfuko. Kamba imefunguliwa, ndani hamna kitu, magauni yote yako kabatini. Mama alikuwa ameuweka chini, sakafuni, kama mtu yeyote.

Kidole kimevimba na bado nachechemea, lakini nimeuacha hapo hapo ulipo. Atakayeuinua atanijua.

Kimashine chako ukija Desemba utakikuta kwenye banda, kuku wa Mama hawajali mvua. Nawe ukitoka kazi ya usiku, funga simu ulale, uache kututafutia dawa za usingizi mitandaoni.

Nisalimie sana Natalie, na Bravin mwambie nyanya yake anamtaka aje aone kitanda kifupi kuliko chake. Baba Joyline na Joyline wanakusalimu. Mama anakusalimu pia. Nilimuuliza nikuambie nini, akasema nikuambie amelala, asante Mungu. Safari hii ni kweli.

Mungu awalinde huko kwenye theluji, na awape usingizi mnono kama huu.

Mimi dada yako akupendaye, hata ukinitumia mvua,

Eucabeth