Volti Arobaini na Tano za Sauti ya Baba

Ghorofani, juu ya duka la vioo
6 Julai

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako umepoa, na wifi na watoto hawajambo. Huku sote wazima, isipokuwa Baba, ambaye hali yake unaijua: tarehe 28 wanamtoa kikoromeo chenye uvimbe, na sauti yake itaondoka nacho.

Nimesikia ulivyomwambia shangazi: "Maiki nimetuma, wa kuiwasha ndiye hakuna." Neno hilo nimelimeza, halijashuka. Ngoja nikueleze.

Maiki yako ya kumrekodi Baba ni nzuri, ila ulituma jiko bila mkaa. Aina hiyo haifanyi kazi mpaka ipelekewe umeme kupitia waya wake. Mimi sikujua, wala wewe hukusema. Niliichomeka kwenye kompyuta, nikamkalisha Baba mbele yake. Daktari amemruhusu kuongea dakika ishirini tu kwa siku. Siku hiyo alitoa arobaini, akasimulia minada yake yote tangu alipoanza udalali. Saa kwenye skrini ilikuwa inahesabu, nikaamini inanasa. Nilipofungua kusikiliza, kimya kitupu. Kesho yake hakuongea kabisa.

Fundi redio wa hapa chini aliitazama akacheka. "Dada, hii ina njaa. Inataka volti arobaini na nane." Kisanduku cha kuilisha, dukani ni kodi yangu ya miezi miwili. Cha bei poa, cha kuchomeka ukutani, nilikijaribu palepale; kilivuma kama nyuki ndani ya kopo.

Karatasi ya maiki inasema inakubali volti 44 hadi 52. Betri ndogo za volti tisa, ukiunganisha tano mfululizo, unapata 45. Fundi alinichorea mahali pa kuweka vile vifaa vidogo vya kuzuia umeme usiingie kwenye kompyuta. Kuunga nyaya kwa risasi ya kuyeyusha nikaunga mwenyewe, kama ninavyounga mota za vyerehani vya wateja. Betri hazivumi, na maiki inakula kidogo mno: seti moja itavuka saa mia. Gharama yote haikufika sehemu ya kumi ya kile kisanduku.

Baba alipoona betri zimefungwa kwa mpira alisema, "Tano kwa mdomo mmoja? Mimi nimeuza makabati mia kwa siku bila hata moja."

Flashi niliyoweka humu ina saa mbili na dakika arobaini, kazi ya siku nane. Utamsikia hadi anavyovuta pumzi.

Sasa Kaka, tangu Baba augue humpigii yeye, unampigia shangazi. Najua unaogopa kusikia sauti yake inavyokwaruza. Barua hutumia siku tisa, kwa hiyo hii utaipata tarehe 15. Kuanzia siku hiyo sirekodi tena. Zitabaki siku kumi na tatu, kila siku dakika ishirini: jumla 260. Zote nimekuachia wewe. Flashi itakusimulia, lakini ukiiuliza kitu haitakujibu.

Shangazi anakusalimu, usimlaumu kwa kunifikishia maneno. Mama mdogo naye anawasalimu, wifi hasa. Mungu awalinde nyote, na akupe moyo wa kuinua simu.

Mdogo wako akupendaye, pamoja na hasira zake,
Dada