Plagi Niliyoilegeza

Ijumaa, 12 Septemba
Nürburgring, uwanja wa mbio za magari. Ukungu tangu alfajiri, mazoezi yakaahirishwa. Tukakaa gereji na kahawa na soseji kama watu waliokuja kwenye sherehe isiyoanza. Eckart peke yake ndiye aliyetulia. Anasema uzee umemfundisha kusubiri. Uzee gani — miaka arobaini na mitatu! Lakini kwa dereva wa mbio ni mingi, na amekwisha tangaza kwamba huu ni msimu wake wa mwisho. Kinara wa ubingwa anamzidi pointi chache tu. Kila mtu kwenye timu anataka Eckart Röhl astaafu akiwa bingwa. Hata mimi. Nadhani hata mimi.

Mama Lutterbeck, bosi wetu, alituita madereva wake wawili ndani ya lori la timu. Maneno yale yale: wakati ukifika, Wiebke atampisha Eckart. Nikasema sawa. Nilimpisha kwenye mbio za Norisring, nikampisha tena za Lausitz, mara zote mbili nikiwa na kasi kumshinda.

Tulipotoka, Eckart akanishika bega. "Nivumilie, mdogo wangu. Mwakani timu ni yako." Mtu wa namna hiyo huwezi kumchukia. Nimejaribu.

Baba anakuja Jumapili. Hajawahi kuniona nikikimbia. Siku zote kisingizio ni duka la mikate, nani ataoka, nani atauza. Safari hii amelifunga.

Jumamosi, 13 Septemba
Nitaanza wa nne kesho, Eckart wa sita. Gari tamu sana, linakata kona kama linajua njia.

Hanno wa redio amenichekesha. Ndiye anayetufungia waya za redio kwenye kofia zetu ngumu kabla hatujatoka. Anachomeka plagi, anaivuta kuhakikisha, halafu anarudi kwenye ukuta wa timu, kando ya njia ya mbio, kujaribu sauti. Binti yake anaolewa Jumamosi ijayo, kwa hiyo leo badala ya kuhesabu moja mbili tatu amenisomea hotuba ya baba wa bibi harusi. Nikamwambia sehemu ya mkwe aifupishe, anamsifu mno mpaka mtu atashuku. Akasema, "Basi utakuja uisikilize ikiwa imenyooka." Nimealikwa rasmi.

Jumapili, 14 Septemba
Eckart yuko hospitali Koblenz. Mguu na nyonga. Yuko hai.
Nimekuwa wa tatu. Baba amepiga picha na kombe.
Siwezi kuandika.

Jumatatu, 15 Septemba
Naandika, maana nisipoandika nitaanza kuyaamini yale ninayowaambia watu.

Mizunguko ilikuwa imebaki michache. Nilikuwa wa tatu, Eckart nyuma yangu. Sauti ya Mama Lutterbeck ikaja: "Wiebke, mpishe Eckart. Kwenye barabara iliyonyooka, upande wa kushoto." Wazi kabisa. Kana kwamba amekaa kiti cha abiria, kama magari yetu yangekuwa nacho.

Nikabaki kwenye mstari wangu.

Akarudia. Nikapita mbele ya jukwaa, mahali Baba alipokaa na koti lake la kijani. Sikumwona, kwa mwendo ule humwoni mtu. Lakini nilijua yupo. Nikajiambia: leo hapana. Leo tu. Mara ya tatu Mama alikuwa anapiga kelele. Kwenye ukuta wa timu walikuwa wamening'iniza ubao wenye mshale na jina langu. Niliuona. Nikakaza macho kwenye kona.

Eckart aliamini nitampisha. Akaja upande wa kushoto, mahali palepale ambapo angenikuta nimemwachia nafasi. Mimi nikabaki. Ikambidi akanyage breki kwa kuchelewa, gari likayumba, aliyekuwa nyuma yake akamgonga ubavuni. Kwenye kioo niliona rangi yetu ya chungwa ikizunguka, halafu vumbi, halafu matairi ya ukingo yakiruka juu. Wakatoa bendera nyekundu. Mbio zikaishia hapo, nafasi zikahesabiwa kama zilivyokuwa. Wa tatu.

Hilo ni la kwanza. La pili ni baya zaidi.

Nilisimamisha gari. Mafundi wote walikuwa wanakimbilia upande wa ajali. Nilikuwa peke yangu ndani. Nikapeleka mkono nyuma ya kofia, nikaishika plagi, nikailegeza. Sikuichomoa. Niliilegeza tu, iwe imeshika na haijashika. Halafu nikashuka, na mtu wa kwanza aliyenifikia nikamwambia: redio imekufa, sijasikia kitu, kuna nini?

Kuna nini! Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Jumatano, 17 Septemba
Karakana, Münster. Kikao. Mama Lutterbeck mezani, Hanno amesimama ingawa viti vilikuwepo.

Nilifikiri atasema redio haina tatizo, kwa sababu haina. Nilikuwa nimejiandaa kukana. Badala yake alisema aliikuta plagi imelegea na kosa ni lake. Mama akamwuliza kama ana hakika aliifunga vizuri.  Hanno akasema asubuhi ile binti yake alimpigia simu kuhusu ukumbi, wakati tayari ameshika waya wangu, na kwamba anakumbuka alichomeka, lakini kuvuta — hakumbuki kuvuta. Halafu akasema, "Hapana. Sikuvuta. Nakumbuka sasa."

Alivuta. Nilihisi kofia ikirudi nyuma kidogo, kama kila mara.

Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake, namtazama mtu akikumbuka jambo ambalo halikutokea. Na alikuwa analikumbuka kweli. Uso wake ulibadilika, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akilitafuta.

Mama akasema hawezi kumweka mtu huyo kwenye redio tena. Na karakanani hana kazi nyingine ya kumpa. Hanno akakubali, akakusanya vikombe vya kahawa vilivyokuwa mezani, akavipeleka jikoni kama kawaida yake. Aliponipita akaniambia pole.

Ananipa pole mimi!

Jumamosi, 20 Septemba
Heide, nyumbani kwa Baba. Leo binti yake Hanno anaolewa. Nimewapigia simu kuwaambia kwamba Baba ana kazi nyingi dukani ananihitaji. Mke wake akasema wanaelewa, akaniuliza kama nimepata usingizi tangu ajali.

Baba ameweka kombe dirishani, kati ya mikate ya nafaka ya rai na keki za tufaha. Ameweka na taa. Wateja wananipongeza, halafu wanakumbuka, wanashusha sauti na kuuliza hali ya Röhl. Mzee mmoja amesema mbele ya foleni nzima kwamba aliyesababisha ni fundi wa redio, amesoma gazetini, na kwamba watu kama hao wafungwe. Baba akamjibu kwamba fundi naye ni binadamu. Mimi nilikuwa nafunga mikate kwenye karatasi. Niliendelea kufunga.

Baadaye nikamwomba Baba aliondoe kombe. Akashangaa. Nikasema linapigwa na jua, litapauka. Amelisogeza kivulini.

Alhamisi, 25 Septemba
Koblenz, hospitalini. Nilikuwa nimejipanga. Njia nzima nilirudia sentensi moja ndani ya gari kwa sauti: nilisikia na sikukupisha. Ni fupi. Mtoto anaweza kuisema.

Eckart amekonda. Mguu wake wa kushoto una vyuma kwa nje. Madaktari wamemwambia atatembea, ila ngazi zitamsumbua. Alifurahi kuniona, akataka kujua habari za gari, breki mpya, nani ameleta maneno gani. Akanikumbusha kwamba sasa mimi ndiye niliye nyuma ya kinara, na kwenye mbio za mwisho, Hockenheim, naweza kuchukua ubingwa. Akaanza kunichorea kona kwa kidole juu ya shuka: hapa usiwe na haraka, hapa usimwogope mtu.

Nikasema, "Eckart, nataka kukuambia kitu kuhusu Jumapili ile."

Akanikatiza. Alisema amenisoma usoni tangu nilipoingia, najilaumu bure. Nilipobaki kwenye mstari wangu alijua papo hapo kwamba redio imekufa. "Ningejua umesikia ukakataa, Wiebke, hapo ndipo mguu ungeniuma. Hivi sasa ni mfupa tu."

 Muuguzi akaja na chai, nikampokea sinia.

Akaniambia pia kwamba amempigia Mama Lutterbeck kumwombea Hanno, Mama akakataa. Hanno mwenyewe alikuja kumwona na maua, akakaa karibu na mlango. "Nimemwambia nimemsamehe. Hataki. Anasema bado anatafuta ilikuwaje."

Nimeendesha kurudi polepole, malori yananipita.

Jumatano, 1 Oktoba
Nimempigia simu Mama Lutterbeck. Nikasema nina jambo kuhusu redio ya Nürburgring.  Nikasikia anafunga mlango wa ofisi. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Wiebke, kama jambo hilo linaweza kusubiri mpaka Jumapili jioni, baada ya mbio, litasubiri."

Anajua? Au anahisi tu na hataki kujua? Angeweza kuniuliza. Nami ningeweza kuendelea. Kila mmoja akamwachia mwenzake, tukaishia kuzungumzia hali ya hewa ya Hockenheim.

Kilichoniogopesha ni ule unafuu. Nilipokata simu nilikula vizuri. Mara ya kwanza tangu siku ile.

Jumamosi, 4 Oktoba
Wa kwanza kwenye kufuzu, kesho nitaanza mbele ya wote. Wa kwanza! Kinara ni wa tano. Nikishinda kesho na yeye asiwe kwenye watatu wa mbele, ubingwa ni wangu.

Aliyechukua nafasi ya Hanno ni kijana kutoka Stuttgart, anajua kazi. Amenifungia plagi na kuizungushia utepe mweusi. Kasema, kwa utani, kwamba safari hii hata nikitaka haitalegea. Mafundi wakacheka. Nikacheka nao.

Jukwaani wametundika kitambaa kirefu chenye jina la Eckart. Nitakimbia mbele yake mchana kutwa.

Jumapili, 5 Oktoba
Naandika ndani ya lori, nguo za mbio mwilini. Sijawahi kuandika kabla ya mbio. Lakini Hanno amekuja.

Amenunua tiketi kama mtu yeyote, mlinzi akamtambua na kumpitisha. Amevaa suti, nadhani ndiyo ya harusi. Nilimkuta amesimama karibu na ngazi ya lori, hataki kusogea gerejini asije akamtia mtu mkosi. Nikamkaribisha ndani. Nikamwomba radhi kwa kutofika harusini. Akasema ilikuwa nzuri, ila hotuba hakuitoa, aliona ajabu kusimama mbele za watu. Shemeji yake ndiye aliyesema maneno mawili.

Ameomba kazi sehemu nyingi, lakini wakisikia jina lake wanamkumbuka.

Halafu akasema amenijia kwa swali moja tu, na kama sitaki kulijibu siku ya mbio ataelewa.

"Sikudai kitu, dada. Nataka kulala tu. Ilikatika mara moja, ikawa kimya? Au ilikuwa inakoroma, inakuja na kuondoka?"

Nikamwuliza kwa nini anataka kujua.

Akaeleza kwa mikono yake, kidole kimoja kikiwa plagi na ngumi ikiwa tundu lake. Ikiwa ilikoroma, basi ilianza kulegea njiani, kwa mtikisiko, na hilo linaweza kumpata yeyote. Ikiwa ilikufa mara moja, basi hakuichomeka sawasawa tangu mwanzo, na wale wanaosema ni mzembe wana haki. Alisema hivyo bila kunitazama. Alikuwa anatazama ngumi yake.

Nilikuwa na sentensi yangu ileile. Fupi. Ilikuwa hapa, mdomoni.

Nikasema, "Ilikoroma."

Akashusha mabega. Kweli nilimwona akishusha, kama mtu aliyetuliwa gunia. Akauliza kwa muda gani. Nikasema mzunguko mzima, labda zaidi. Nikaongeza kwamba nilijaribu kuigonga kwa kiganja. Maneno yanakuja yenyewe, moja linavuta jingine. Akashika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili na kunishukuru. Akasema laiti ningesema hayo siku ya kikao, lakini anaelewa, nilikuwa nimeshtuka.

Kisha akasema atakwenda moja kwa moja kwa Mama Lutterbeck kumwambia. Ataomba redio ile ifunguliwe na watu wa nje, waisikilize kanda yote ya mbio, maana gari huwa linarekodi chochote kinachoingia kwenye kofia, na mkoromo wa namna hiyo hauwezi kukosekana. Hakuna aliyewahi kuutafuta, kwa sababu yeye mwenyewe alikwisha kiri kosa. Sasa watautafuta.

Sikujua kwamba gari linarekodi.

Ametoka. Namwona dirishani, anapita katikati ya mafundi na suti yake, anawaamkia mmoja mmoja, ameanza kunyanyua kichwa. Mama Lutterbeck yuko kwenye ngazi ya ukuta wa timu, ameweka miwani juu ya nywele. Bado hajamwona.

Kijana wa Stuttgart amegonga mlango, ananiita nikavae kofia. Nimemwambia nakuja.

Nikikimbia sasa hivi namwahi Hanno kabla hajafika. Ni mwendo wa gereji tatu. Lakini mbele ya watu wote wale, kamera zote zile —

Mama amegeuka. Amemwona. Sasa ananitazama mimi, huku dirishani, na Hanno ameanza kuongea.