Msifike Darajani

Mdogo wangu Mwanaidi,

Garissa mko salama? Njia unayoiona kwenye picha ni ya kando ya bahari, hapa Jeddah. Haina kilima, hata nyanya angeimaliza. Jana nikimsukuma mtoto wa madam kwenye kigari, abaya imenigandia kwa joto, akaniita mama. Madam, ambaye hajawahi kukigusa kigari hicho, akaninyang'anya akakisukuma mwenyewe, amenuna. Nilimcheka moyoni. Kisha nikakumbuka binti yangu Zuhura alivyokuita mama kwenye simu, na mnavyotembea kando ya Tana kila jioni. Wivu ukanikaba. Mtembeze tu, mnunulie mahindi ya kuchoma, Mungu akuzidishie. Lakini msifike darajani. Huko nitampeleka mimi.

Dada yako,
Amina