Basi Liliposimama Makutano

Kamunyonge, Musoma

Shangazi Hyasinta, shikamoo!

Shangazi, tumeshinda! Tumewafunga Bunda kwao, na goli la ushindi ni langu! Nilivaa tamponi, zile za kuingiza ndani ulizonitumia badala ya pedi, nikakimbia mpaka nikasahau kabisa kama niko kwenye siku zangu.

Tatizo ni kwamba nilisahau kweli. Niliivaa asubuhi kabla hatujaondoka. Jioni kwenye basi, watu wanaimba, rafiki yangu Jenipher akaninong'oneza, "Umebadilisha?" Hapo ndipo nikakumbuka. Ulinionyaga kwenye simu kwamba ikikaa sana inaweza kuniletea homa mbaya, ya kulazwa.

Musoma bado mbali, na mwalimu wa kike hatukuwa naye. Nikaenda mbele kwa mwalimu Stanslaus. "Mwalimu, naomba basi lisimame. Niko kwenye siku zangu, natakiwa kubadilisha."

Wimbo ukakatika. Nilisikia uso unawaka! Mwalimu akageuka tu kwa dereva: "Simama hapo Makutano, kuna choo."

Nikashuka. Shangazi, nusu ya timu ikashuka nyuma yangu na pedi zao! Kumbe kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake aseme.

Niko mzima, homa sina. Ila Mama usimwambie kwanza. Anasemaga tamponi ni za wenye ndoa. Nitamwambia mwenyewe, nikimaliza kumsimulia lile goli.

Mfungaji wako anayekupenda,
Nyamburi