Nyumba ya Msagaji

"Kijiji kama hiki hakina historia," amekwambia mwalimu wako huko Ujerumani, nawe waniuliza kama kweli. Salma mjukuu wangu, huo ni upuuzi. Hapa Wembley hatujambo, bibi yako analalamikia magoti tu.

Serikali iliyotunyang'anya nyumba yetu ya mtaa wa Malindi, kule kisiwani kwetu, baada ya Mapinduzi ndiyo iliyonipeleka Ujerumani kusoma. Msimu wa kuvuna viazi tulipelekwa kijiji kama hicho chako: kanisa kilimani, kijito bondeni, mashamba katikati. Nilipanga kwa bibi mmoja. Nyumba yake wote wakiiita Kwa Msagaji, ingawa kinu chake cha kusagia unga, kilichozungushwa na maji ya kijito, kilishabomoka.

"Msagaji ni mumeo?" nikamuuliza.

"Mume gani? Msagaji kafa sijazaliwa. Mimi vita vilinifukuza kwetu. Nimezaa hapa, nimezika hapa, na bado naitwa mgeni." Akacheka, akaniongezea supu.

Nilimhurumia, lakini msagaji nilimwonea wivu. Yeye yumo kaburini na nyumba ingali yake. Mama yangu, Bi Zuwena, alikuwa hai, na nyumba yake ikaitwa kwa jina la afisa aliyehamia.

Muulize mwalimu wako nyumba anayolala ilikuwa ya nani. Na wewe na kaka zako wa Barking, acheni kusema "ile nyumba ya zamani". Semeni Kwa Bi Zuwena, hata mbele ya wanaokaa humo.

Babu yako