Jibu la Chifu

Alhamisi, 1 Agosti 1974
Uji vijiko vitatu. Mkojo mweusi. Nimembadilisha Chifu shuka, nimemgeuza, nimempaka mafuta mgongoni palipochubuka. Bibi Mkubwa alisimama mlangoni kama kawaida yake, kuona nitakosea wapi. Kati ya wake watano tumebaki sisi wawili. Yeye ana ukubwa wake na mwanawe Yohana. Mimi sina mtoto. Nina kusoma na kuandika. Ndiyo sababu nilitolewa Iringa nikiwa na miaka kumi na tisa, Chifu apate mke wa kumsomea barua za serikali.
Uchifu umefutwa zaidi ya miaka kumi sasa. Redio ilitangaza. Hapa watu hawakusikia, au hawakutaka. Bado wanapiga magoti uani.

Jumamosi, 3 Agosti
Tangazo la serikali limefika. Wote tuhamie kijiji kipya kando ya barabara kuu, upande wa Igawa. Hapa asibaki mtu. Ng'ambo ya mto wenzetu walikataa, nyumba zao zikatiwa moto mpunga ukiwa ndani. Jana tuliuona moshi.
Nimemsomea Chifu mara mbili. Akafumba macho. Mzee Mgaya, mshauri wake wa miaka yote, akatoka nje akawaambia watu, "Chifu hahami. Asipohama yeye, hahami mtu."
Chifu hakusema hivyo. Chifu hakusema neno.

Jumatatu, 5 Agosti
Amekufa. Saa nne asubuhi, nakamua kitambaa. Nikamwita Bibi Mkubwa. Akamwekea mkono kifuani, akanitazama, akaniziba mdomo kwa kiganja. Sikuwa hata nimeanza kulia.
Mzee Mgaya akatoa amri. Hakuna kilio. Hakuna kuchimba. Kwa mila yao kifo cha chifu hakitangazwi mpaka mrithi akalishwe kwenye kiti chake. Mtu ametumwa Uyole kumfuata Yohana, anafanya kazi shamba la serikali kule. Mpaka afike, Chifu anaumwa na mimi ndiye ninayemuuguza. Niingie na uji, nitoke na bakuli tupu.
Uji nimeula mimi, nimeegemea ukuta, yeye kafunikwa blanketi.
Miaka kumi na sita ya ndoa. Sikumpenda. Nilimzoea. Leo nimejua kuzoea nako kunauma.

Jumanne, 6 Agosti
Harufu. Bibi Mkubwa anachoma mavi ya ng'ombe makavu mlangoni, anawaambia watu ni dawa. Watu wanaleta kuku kumpa mgonjwa pole. Yohana hajafika.
Nawachukia wote humu ndani, na maiti pia.

Jumatano, 7 Agosti
Lazima niandike.
Katibu Tarafa alikuja asubuhi na malori mawili, mgambo na madebe ya mafuta ya taa. Watu wakajaa uwanjani. Katibu mwenyewe kijana bado, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakunifokea. "Shikamoo mama. Naomba kauli ya Chifu. Hawa wanamsikiliza yeye, mimi hawanisikilizi. Akikataa, nimepewa amri yangu."
Mzee Mgaya akanisogelea sikioni. "Ingia. Ukitoka, sema amekataa."
Nikaingia. Nikakaa miguuni pake. Nje mtoto alikuwa anakohoa na mtu akambembeleza. Ningependa kuandika kwamba niliwafikiria wale watoto tu. Nilifikiria pia chumba hiki, na jinsi ninavyotaka kutoka humu nisirudi tena.
Nikatoka. Nikasema kwa sauti, wote wasikie:
"Chifu anasema hameni. Ezueni paa, bebeni chakula, msimwache mzee yeyote nyuma. Yeye atafuata."
Mzee Mgaya akafungua kinywa. Aliona mwenyewe: akisema nimedanganya, itabidi Chifu aulizwe mwenyewe, na Chifu amekufa. Akakifunga.
Wanawake wakapiga magoti kuelekea dirisha lililofungwa, wakashukuru. Katibu akavua kofia, akataka aingie ampe mkono. Bibi Mkubwa akajaza mlango kwa mwili wake. "Amelala."
Katika miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza amesimama upande wangu.

Alhamisi, 8 Agosti
Kutwa nzima watu wanaezua. Bati, milango, vihenge vya mpunga, kuku wamefungwa miguu. Hakuna nyumba iliyochomwa.
Mzee Mgaya haniangalii.
Saa tisa Yohana akafika, viatu vya ofisini, vumbi mpaka magotini. Akaambiwa ndani, mbele ya maiti ya baba yake, kwamba yeye ndiye mrithi. Akashika pua. "Uchifu wa nini, mama? Nitafukuzwa kazi. Mzikeni mzee jamani."
Bibi Mkubwa akamzaba kofi. Kisha akapiga ukunga ambao uwanja mzima uliusikia. Hapo ndipo watu walipojua. Walidhani amekufa saa ile ile, baada ya kuwaaga.

Ijumaa, 9 Agosti
Tumemzika asubuhi, haraka, malori yakipakia. Kaburi halikuwa na kina. Dereva alikuwa anapiga honi.

Jumapili, 11 Agosti
Kijiji kipya. Vigingi na mbigili. Turubai moja la ukoo.
Wazee wanne wameniita pembeni. Mzee Mgaya akasema, "Umeiba kinywa cha Chifu." Polepole, wengine wasisikie. Watu waendelee kuamini. Kwa hiyo hadharani imetangazwa kwamba nina mkosi. Nisikae matangani. Nisinyolewe pamoja na wafiwa. Nirudi kwetu kesho.
Nilimtazama Bibi Mkubwa. Akatazama chini.
Jioni akanifuata nyuma ya turubai na wembe. Akaninyoa yeye mwenyewe, bila maji, akanikata juu ya sikio. Hakuomba radhi. Akazikusanya nywele zangu kwenye kanga yake akaondoka nazo.

Jumamosi, 14 Septemba
Mlandege, Iringa, kwa dada yangu. Baridi. Nasaidia kupika, nafua za watoto. Wananiita mama mdogo, basi.
Leo sokoni nimekutana na mtu wa kule, ameleta maharage kuuza. Alinitambua, akataka kupiga magoti. Nikamzuia, watu walikuwa wanaangalia. Nikauliza habari za huko. Nyumba zimeanza kusimama. Maji ni ya dimbwi, ng'ombe na watu pamoja. Watoto wanaharisha. Mtoto wake wa pili amemzika wiki iliyopita, msichana, miaka minne.
Akasema, "Chifu ndiye alisema tuhame, mama. Ulimsikia mwenyewe. Sisi tungekaa."
Nikasema ndiyo, nilimsikia.
Nikampa pole. Aliniongezea maharage kopo moja juu, kwa heshima ya marehemu. Nikayapokea. Dada ameyachambua mchana wote, anasema ni mazuri, hayana mawe.