Manjano ya Marcelina

Guta, Bunda
6 Julai 2024

Kwa shemeji yangu mheshimiwa Tabitha,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na mbuzi wako na majirani zako wote hapo Buswahili. Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu. Goti la kushoto ndilo lenye malalamiko, nami nimekwisha kuzoeana nalo. Uniwie radhi kwa kukuandikia badala ya kupiga simu. Masikio yangu siku hizi hupokea nusu ya maneno, na jambo hili nisingependa kulipokea nusu.

Ni kuhusu bustani ya viungo ya marehemu dada yako. Tangu tumzike Februari nimeitunza kama nijuavyo, yaani vibaya. Mchaichai unastawi bila kuniuliza. Giligilani niliyoipanda mwenyewe Machi ilitoa mbegu, nikazianika na kuzisaga, ukapatikana unga wenye harufu njema na mchanga mwingi. Lakini manjano yananitia hofu. Marcelina aliyapanda Novemba, mistari minne nyuma ya jiko, na majani yake yalinifika kiunoni. Sasa yanakauka kuanzia nchani. Naogopa kwamba nimeyaua.

Tena naikumbuka desturi ya ukoo wenu, aliyonieleza Marcelina mwenyewe tulipomzika mama yenu: alichopanda marehemu, mumewe hakivuni mpaka ndugu wa damu wa marehemu ang'oe shina la kwanza. Mimi na Marcelina hatukujaliwa mtoto, na ndugu wa damu aliyebaki ni wewe peke yako. Nakuomba kwa unyenyekevu uje kabla hayajaharibika. Samahani kwa usumbufu.

Ni mimi shemeji yako,
Florian


Buswahili, Butiama
17 Julai 2024

Shemeji Florian,

Habari za huko? Mimi mzima, mbuzi wazima, jirani yangu Bhoke ana mafua. Goti nalisalimia.

Barua kaniletea Mihayo fundi baiskeli, imebandikwa gundi utadhani ya serikali. Nikajua basi, shemeji kafa. Kumbe manjano!

Mimi manjano siyajui. Dada ndiye alikuwaga na mkono wa viungo. Mimi nilikuwaga napewa unga kwenye kopo, napikia sato, namaliza, naomba tena. Lakini jani likikauka si ni kiu? Mwagilia. Asubuhi na jioni, mwagilia. Na uache kuyapapasa papasa, yanaona aibu.

Kuja nitakuja. Sasa hivi nimebanwa na kuchuma pamba. Usichimbe.

Shemeji yako,
Tabitha


Guta, Bunda
4 Agosti 2024

Kwa shemeji yangu mpendwa Tabitha,

Natumaini hujambo, na kwamba Bhoke amepona mafua. Mimi sijambo, ila nimechanganyikiwa.

Nilimwagilia kama ulivyoagiza, na majani yote yamelala chini. Nikaenda sokoni Bunda kuuliza. Mama mmoja akaniambia niongeze maji, wa pili akaniambia niache, na wa tatu akasema, "Babu, mimi nauza unga tu, jani lake sijawahi kuliona." Niliporudi, katekista Clementi, jirani yangu, akanieleza kwamba majani yakikauka ndipo manjano yamekomaa, na kwamba nikiendelea na ndoo yangu yataoza humo humo udongoni. Nikasimama na ndoo imejaa, nisijue niimwage wapi.

Nilimwendea padre pia. Alisema Kanisa halimkatazi mtu kuchimba chakula chake. Nikamjibu kwa adabu kwamba sisubiri kwa kuogopa mizimu, nasubiri kwa kuwaheshimu ninyi.

Sasa niwie radhi kwa neno linalofuata. Mihayo amenidokeza, bila nia mbaya, kwamba pamba yako ilikwisha kuchumwa siku nyingi. Je, nimekukosea? Tangu mazishi hujakanyaga hapa. Ikiwa baada ya Marcelina mimi si mtu wenu tena, niambie waziwazi. Nitalipokea. Nisichoweza kupokea ni kutojua.

Ni mimi shemeji yako, kama bado ndivyo,
Florian


Guta, Bunda
23 Agosti 2024

Kwa shemeji Tabitha,

Nakusalimu tena. Sijapata jibu, wala siandiki kwa kulaumu. Naandika kwa kuwa kumetokea jambo, na sijui linaitwaje.

Jana kuku alifungua shamba. Ni yule mtetea mwekundu uliyemletea Marcelina wakati wa Krismasi. Nilikuwa ndani nikichambua dagaa. Nilipotoka alikuwa amekwisha kuparua shina zima na kulitupa pembeni. Kidole kimoja cha manjano kilikuwa kimevunjika, ndani chekundu kama kiini cha yai, na harufu ilikuwa ile ile ya mikono ya dada yako. Nikapiga magoti, goti likalia, nikataka kuomba msamaha na sikujua nimwombe nani.

Nilimuuliza Clementi kama desturi inahesabu kuku. Alicheka mpaka akaomba kigoda. "Mzee Florian," akasema, "sasa unataka tumwite kuku kwenye kikao cha ukoo?" Mimi sikucheka. Nimelirudisha shina udongoni na kulifunika kwa beseni. Sijui nimefunika chakula au nimefunika kosa.

Clementi anasema mvua zikitangulia, yatachipua upya au yataoza, na kwa vyovyote vile hatutapata unga. Nakusihi, shemeji. Kama huji, sema nisubiri au nichimbe.

Ni mimi,
Shemeji Florian


Buswahili, Butiama
27 Agosti 2024

Shemeji,

Salamu. Nimecheka, halafu nimelia, mpaka Bhoke kaniuliza kama nimepandwa na malaria.

Huyo kuku kaanguliwa kwangu, kwa hiyo ni wa kwetu. Lakini damu ya dada hana. Hajafungua kitu, tulia.

Sasa nisikilize. Pamba ulikuwa uongo. Dada hakukwambia desturi yote. Siku ndugu anapong'oa shina la kwanza, mume anakuwa amefunguliwa. Anaweza kuoa akitaka. Mnavuna, mnagawana, mnapeana mkono wa kwaheri, ushemeji umeisha. Hatukudai, hutudai. Baba alimfanyia hivyo mume wa shangazi yetu. Mzee yule alikuwaga anatubeba mabegani, mimi na dada. Baada ya pale sikumwona tena, nikaja kusikia kazikwa.

Mimi nimezika wazazi, nimezika kaka, nimezika mume kabla hatujapata mtoto, na sasa dada. Nikija kung'oa, nani ataniandikia barua za gundi? Nikasema yaache udongoni, yakikaa humo bado ninaye shemeji. Ila yakioza, dada atakuwa kapanda bure, na hilo siliwezi.

Nakuja Jumamosi. Andaa sufuria kubwa na kuni. Muuza viungo mmoja hapa Butiama kasema yanachemshwa kwanza ndipo yaanikwe. Na ufunge huyo kuku.

Shemeji yako,
Tabitha


Guta, Bunda
29 Septemba 2024

Kwa Tabitha,

Nimekaa na kalamu muda mrefu nikitafuta neno la kutanguliza mbele ya jina lako, na nimeliacha wazi. Uniwie radhi. Natumaini u mzima. Mimi ni mzima.

Nimemaliza kazi tuliyoianza. Vile vipande tulivyochemsha na kukata nilivianika kwenye mkeka juu ya kichanja, nikivigeuza kila nikikumbuka. Vyako vyembamba vilikauka upesi, vikawa vinavunjika kwa sauti kama kijiti. Vyangu, ambavyo uliviita vipande vya sabuni, vilichelewa sana. Mashine ya hapa Guta ilikataa kuvisaga. Mwenye mashine alisema wateja wanaofuata watapata unga wa mahindi wa njano na watamfuata yeye, si mimi. Basi nikatwanga kwenye kinu na kuchekecha kwa kile kitambaa ulichoniachia. Viganja vyangu vimekuwa vya njano kiasi kwamba kanisani, wakati wa kutakiana amani, watu huviangalia kabla ya kuvishika. Nimekutumia nusu ya unga kwa mkono wa Mihayo.

Ulipong'oa lile shina la kwanza niligeuka kuutazama mchaichai. Jumatatu, ulipopanda gari pale barabarani, ulinipa mkono nami nikakupa wangu. Sikujua kama ulikuwa ule mkono wa kwaheri au ni mkono tu. Nilikosa ujasiri wa kuuliza, na gari likaondoka.

Bustani ni tupu sasa. Nakushukuru kwa yote.

Wako kwa heshima,
Florian


Guta, Bunda
24 Novemba 2024

Kwa Tabitha,

Salamu nyingi. Samahani kukusumbua wakati ambapo pengine sina tena haki ya kukusumbua.

Mvua zimeshika, na nyuma ya jiko manjano yamechomoza. Mwanzo nilidhani ni masalia tuliyoyasahau. Lakini masalia hayaoti kwa mistari, na hii imenyooka, minne. Mimi sikupanda. Clementi anasema ni baraka na niache maswali. Siwezi kuacha. Ikiwa ni ya Marcelina, je, desturi inaanza upya? Niyang'oe? Niyapalilie? Sielewi kitu, na naona haya kukiri hivyo katika umri huu.

Florian


Buswahili, Butiama
3 Desemba 2024

Shemeji Florian,

Hujambo? Ndiyo, nimekuita shemeji. Mimi mzima, mbuzi kazaa mapacha.

Usiyaguse. Ile Jumapili ulipokwenda misa, nilikwambia kichwa kinaniuma. Kichwa kilikuwa kizima. Nilichagua vidole vinene kwenye fungu ambalo tulikuwa hatujalichemsha, nikavifukia, nikafagia nyayo, nikajilaza. Ulivyorudi ukanichemshia chai ya mchaichai, nikaona aibu kidogo.

Kwa hiyo hayo si ya dada. Aliyepanda ni mimi, na mimi bado nakula ugali. Nitakuja Julai kuyavuna mwenyewe, na nikivuna nitapanda tena. Desturi nimeipekua yote, hakuna mahali inakataza. Na ule mkono ulikuwa mkono tu, nilikuwa nakuaga kwa ajili ya gari.

Wewe palilia. Maji waachie mawingu. Nikitangulia mimi kufa na manjano yangu yako ardhini, hapo ndipo utapata shida, maana atatafutwa ndugu wa damu wa kung'oa shina la kwanza na hatapatikana. Itabidi uwe wewe.

Shemeji yako,
Tabitha